Nyumba ya Ufukweni Yenye Gati: Kagua Maji Kabla ya Kukagua Nyumba

Nyumba mbovu hukarabatiwa. Paa huezekwa upya, kuta hupigwa lipu, kisima huchimbwa. Maji yakiwa mafupi mbele ya nyumba, hakuna fundi wa kuyaongeza, na kuchimba sakafu ya bahari ni kazi ya gharama kubwa ambayo huenda usipewe kibali chake kamwe. Ndiyo maana anayetafuta nyumba yenye gati la mashua ya tanga lazima ageuze utaratibu aliouzoea: aanze na maji, aje kwenye sheria, kisha ndipo aingie sebuleni.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya pwani ya Kenya, hasa kwenye mikono ya bahari ya Mtwapa na Kilifi, ambako chombo hupata kinga dhidi ya mawimbi na nyumba nyingi zimejengwa kingoni mwa maji. Vipimo vilivyomo vitamfaa pia msomaji wa Tanga au Unguja, ila sheria za huko ni nyingine.

Kwa nini saa ya kwenda kuiona nyumba ni muhimu

Siku za bamvua, zinazofuatana na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji ya juu na maji ya chini Mombasa hupita mita 3, na kwenye bamvua kubwa za mwaka hukaribia mita 4. Siku za maji mafu tofauti hiyo hupungua sana, ikawa kama mita 1 hivi.

Tena bamvua ina saa zake. Katika pwani yetu siku hizo maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Dalali akikupeleka saa kumi jioni siku ya mwezi mpevu, utaona maji ya samawati yamefika kwenye ngazi ya mwisho ya bustani. Rudi kesho yake saa nne asubuhi usimame palepale: huenda ukakuta tope tupu, mizizi ya mikoko iko nje, kaa wanakimbilia mashimoni, na maji yenyewe yako hatua mia moja mbele. Nyumba ni ileile. Kwa mwenye chombo chenye mkuku mrefu, gati hilo litatumika saa chache tu kwa siku.

Hatua ya kwanza: jua vipimo vya chombo chako

Usianze kutafuta kabla ya kuandika vipimo hivi kwenye karatasi moja. Kama bado hujanunua mashua, andika vya ile unayoikusudia.

1. Kina cha chombo. Pima kutoka usawa wa maji hadi chini kabisa ya mkuku, chombo kikiwa kimepakia maji, mafuta na watu. Mashua ya kisasa ya mita 12 yenye mkuku mmoja kwa kawaida huzama kati ya mita 1.8 na 2.2. Katamarani ya urefu huohuo huzama kama mita 1.0 hadi 1.3.
2. Urefu juu ya maji. Pima kutoka usawa wa maji hadi ncha ya mlingoti, pamoja na antena na taa. Mashua ya mita 12 mara nyingi hufika mita 16 hadi 19.
3. Urefu na upana. Katamarani ya mita 12 inaweza kuwa na upana wa mita 6.5 au zaidi. Gati lililojengwa kwa mashua nyembamba halitaitosha.

Hatua ya pili: chagua eneo la maji

*Mtwapa.* Iko karibu na Mombasa, maji yake yametulia, na nyumba zimepangana kingoni. Daraja la barabara ya Mombasa–Malindi limekatiza mkono huu wa bahari. Uliza mapema: nyumba iko upande wa bahari au upande wa bara wa daraja?

*Kilifi.* Mkondo wake mkuu una kina kizuri na mandhari yake huvuta wengi. Daraja lililofunguliwa 1991 lilichukua nafasi ya feri. Ukipita daraja kuelekea bara, maji hutanuka, mikoko huongezeka, na kando kando kina hupungua.

*Tudor na Port Reitz.* Hapa uko Mombasa mjini, na sehemu kubwa ya maji ni eneo la bandari. Meli kubwa zina haki ya njia, na Mamlaka ya Bandari (KPA) ina kauli.

*Mida na Watamu.* Mkono wa bahari wa Mida ni mpana lakini una maji mafupi, na sehemu hizi zimo katika hifadhi ya bahari inayosimamiwa na Huduma ya Wanyamapori (KWS). Usitarajie ruhusa rahisi ya kupiga nguzo.

*Malindi.* Mto Sabaki humwaga tope kaskazini ya mji, na tope hilo hutembea na mikondo. Palipokuwa na kina mwaka jana huenda pakawa na fungu la mchanga mwaka huu.

*Diani, Nyali na Bamburi.* Hizi ni fuo zilizo wazi nyuma ya mwamba. Maji yakipwa, yaliyobaki kati ya ufuo na mwamba huwa mafupi, na wakati wa kusi mawimbi huchapa. Kwa fuo kama hizi boya la kufungia chombo lina maana zaidi kuliko gati.

*Lamu na Shela.* Mkondo kati ya Lamu na Manda ni bandari ya asili ya majahazi tangu zamani. Lakini Mji wa Kale wa Lamu ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001 na ujenzi wake una masharti. Pia njia ya Mkanda, inayopita nyuma ya Manda, hupitika vizuri maji yakiwa juu tu.

Hatua ya tatu: pima kina wewe mwenyewe

Neno la mwenye nyumba kwamba "hapa boti kubwa zinafika" halipimi maji. Kupima ni kazi ya asubuhi moja, na vifaa vyake ni vya bei nafuu.

1. Tafuta jedwali la kujaa na kupwa la Kilindini la mwezi huo. Saa za Mtwapa na Kilifi hutofautiana nalo kidogo tu.
2. Tengeneza bildi: kamba isiyonyumbuka, risasi au chuma cha kilo moja mwishoni, na fundo au kitambaa cha rangi kila nusu mita.
3. Kodi kidau na mwenyeji anayeyajua maji hayo. Mvuvi wa hapo ana ramani kichwani ambayo haijachapishwa popote.
4. Pima ubavuni mwa gati, mwanzoni, katikati na mwishoni. Kisha pima kila baada ya mita 10 kutoka gatini hadi kwenye mkondo mkuu. Mara nyingi gati lenyewe lina maji, ila fungu limelala kati yake na mkondo.
5. Kila kipimo kiandikie saa yake.
6. Soma kwenye jedwali kimo cha maji kwa saa hiyo, ukitoe kwenye kipimo chako. Kinachobaki ni kina cha chati, yaani maji utakayokuwa nayo bahari ikiwa karibu na upeo wake wa chini.
7. Toa kina cha chombo chako. Kibaki angalau nusu mita.

> Mfano wa hesabu
> Saa saba mchana bildi inasoma mita 4.1.
> Jedwali linasema kimo cha maji saa hiyo ni mita 1.9.
> Kina cha chati: 4.1 − 1.9 = mita 2.2.
> Mashua inazama mita 2.0. Kinachobaki ni sentimita 20.
> Hukumu: haitoshi. Wimbi dogo la boti inayopita litaugonga mkuku chini.

Kama kimo cha saa uliyopima hakimo kwenye jedwali, tumia kanuni ya sehemu kumi na mbili. Maji huchukua takriban saa sita kupwa. Saa ya kwanza hushuka sehemu 1 kati ya 12, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tofauti ikiwa mita 3.6, maji yatashuka mita 0.3, 0.6, 0.9, 0.9, 0.6, kisha 0.3. Zingatia saa ya tatu na ya nne: ndani ya saa mbili hizo mita 1.8 imeondoka. Hapo ndipo wengi hupwelewa, kwa sababu walitazama maji mara moja wakadhani yanashuka polepole.

Bamvua kubwa huangukia Machi–Aprili na Septemba–Oktoba. Ukiweza, fanya ukaguzi wa mwisho katika miezi hiyo, saa nne asubuhi.

Hatua ya nne: hesabu daraja na waya

Nyumba iliyo upande wa bara wa daraja huwa na bei nafuu, na kwa mwenye boti ya injini ni nafuu ya kweli. Mwenye mlingoti lazima apige hesabu.

- Pata urefu wa nafasi iliyo chini ya daraja kwa maandishi, kutoka chati ya baharini au kwa wahandisi wa barabara, na uulize umepimwa maji yakiwa juu au chini.
- Kimo kilichopimwa maji yakiwa chini kitapungua kwa mita 3 au zaidi bamvua ikijaa.
- Tafuta waya za umeme zinazovuka maji. Waya hulegea kwa joto, na umeme mkubwa unaweza kuruka kabla mlingoti haujagusa. Acha mita kadhaa za usalama, wala usikadirie kwa jicho.
- Kama njia pekee ni kupita maji yakiwa chini, hakikisha mkuku nao una maji ya kutosha saa hiyohiyo. Mara nyingi daraja linadai maji ya chini na fungu linadai maji ya juu, na chombo kinabaki ndani.

Hatua ya tano: soma upepo na mkondo

Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, na kusi hutawala kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba. Kusi ndiyo yenye nguvu zaidi, na hapo ndipo bahari huchafuka milangoni. Jiulize maswali matatu:

1. Gati limeelekea wapi? Likiwa wazi kwa kusi, chombo kitasukumwa juu ya nguzo miezi mingi ya mwaka.
2. Mkondo unapita vipi? Gati lililokaa sambamba na mkondo ni rahisi kuegeshea chombo. Lililoukatiza litakutesa kila siku.
3. Mlango wa kuingilia kutoka bahari kuu ukoje? Utembelee wakati wa kusi, maji yakipwa, uone mahali mawimbi yanapovunjika.

Pwani ya Kenya iko karibu na Ikweta, kwa hiyo vimbunga vya tropiki havifiki mara kwa mara. Hata hivyo, Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipiga pwani ya Tanzania karibu na Mafia. Uliza gati lilistahimilije mvua na mawimbi ya miaka ya karibuni, na uangalie mapito ya maji ya mvua yanayoshuka bustanini: ndiyo yanayobomoa ukuta wa bahari kwa nyuma.

Hatua ya sita: jua ni kipi kinachouzwa

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kifungu cha 62 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji ya juu na alama ya maji ya chini ni ardhi ya umma. Gati hukanyaga ardhi hiyo. Mwenye nyumba anaweza kuwa na hati halali ya shamba lake, lakini hana hati ya mahali nguzo za gati zilipopigwa. Anachoweza kuwa nacho ni ruhusa, na ruhusa ina jina, masharti na muda.

Fuata mpangilio huu pamoja na wakili na mpimaji uliowaajiri wewe, si wa muuzaji:

1. Fanya upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi: jina la mwenye hati, rehani, zuio la mahakama.
2. Mlete mpimaji aoneshe mipaka. Akuoneshe alama ya maji ya juu, na hifadhi yoyote ya serikali iliyoachwa kati ya shamba na bahari. Ukuta au gati likivuka mipaka hiyo, andika.
3. Tambua aina ya umiliki. Asiye raia wa Kenya hawezi kumiliki ardhi kwa milki huru. Kifungu cha 65 kinampa ukodishaji usiozidi miaka 99. Mashamba ya safu ya kwanza na ya pili kutoka baharini yana masharti ya ziada ya idhini kwa asiye raia.
4. Omba nakala za vibali vya gati. Sheria ya mazingira ya 1999 inataka idhini ya Mamlaka ya Mazingira (NEMA), baada ya tathmini ya athari za mazingira, kabla ya kujenga chochote baharini. Kuna pia idhini ya mipango ya kaunti. Kutegemea mahali, Mamlaka ya Bahari (KMA), KPA, KWS au Huduma ya Misitu (KFS) huhusika.
5. Uliza kama ruhusa inahamishika. Kibali kilicho kwa jina la mwingine kinaweza kukoma siku ya mauzo.
6. Tazama wanaoishi au kupita hapo. Aliyekaa kwenye shamba wazi wazi kwa miaka 12 bila ruhusa ya mwenyewe anaweza kudai umiliki mahakamani. Njia ya wavuvi kwenda dikoni nayo usiifunge.
7. Panga gharama. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani, kando ya ada za wakili, mpimaji na mthamini.

> Onyo kuhusu mikoko
> Usinunue nyumba kwa ahadi kwamba "mikoko itafyekwa tu". Mikoko ni msitu wa umma. Mizizi yake hushika tope lisijaze mkondo na huvunja mawimbi kabla hayajafika kwenye ukuta wako, na samaki wadogo hukulia humo. Anayekata mikoko mbele ya nyumba yake hujiletea kesi, na baada ya misimu michache huona ukingo unamomonyoka.

Kwa msomaji wa Tanzania: Sheria ya Mazingira ya 2004 ina kanuni ya mita 60 kutoka kwenye maji, na asiye raia hupata ardhi kwa njia ya uwekezaji. Zanzibar ina sheria zake za ardhi. Tafuta wakili wa huko.

Hatua ya saba: kagua gati lenyewe

Nenda maji yakiwa chini, uingie chini ya gati ukiwa na viatu vya mpira, tochi na kisu.

- Nguzo za mbao: choma kisu kwenye sehemu inayofunikwa na kufunuliwa na maji. Kisu kikizama kwa urahisi, wadudu wa baharini wanaotoboa mbao wamekwishaanza kula ndani, hata kama nje panaonekana pazima.
- Nguzo za zege: tafuta nyufa zenye michirizi ya kutu. Chumvi ikishafika kwenye nondo, chuma huvimba na kupasua zege. Ukiona nondo zimejitokeza, hesabu gharama ya nguzo mpya, wala si ya kuziba.
- Mstari wa chaza: tazama chaza walioganda kwenye nguzo na mizizi. Mstari wao wa juu unakuonesha mahali maji hufika mara kwa mara, na shahidi huyo hana cha kuuza.
- Gati la kudumu: chombo kitapanda na kushuka mita 3 ubavuni mwake. Angalia kama kuna nguzo ndefu na nafasi ya kamba ndefu. Kamba fupi maji yakipwa huning'iniza chombo au kung'oa vifungo.
- Gati linaloelea: linafaa zaidi pwani yenye kupwa kukubwa, kwa sharti nguzo zinazoliongoza ziwe ndefu kuliko bamvua kubwa kabisa. Nguzo zikiwa fupi, gati litapanda, litoke juu yake na kuondoka na mashua yako. Pima pia daraja la kushukia: lenye urefu wa mita 10 likishuka mita 3.6 huwa mwinuko mkali kwa mtoto, mzee au mwenye mzigo.

Makosa yanayojirudia

1. Kuiona nyumba mara moja tu, maji yakiwa yamejaa.
2. Kupima gatini na kusahau njia ya kutokea.
3. Kuamini picha za boti ya injini kuwa ushahidi wa kina kwa mashua ya mkuku.
4. Kulipa amana kabla ya upekuzi rasmi.
5. Kuhesabu gati kama mali yenye hati, na kulilipia bei ya ardhi.
6. Kupuuza kikundi cha usimamizi wa fuo (BMU) na wavuvi jirani. Hao ndio watakaokuona ukipwelewa usiku, na ndio wenye haki ya kupita mbele ya nyumba yako.
7. Kusahau matunzo. Si bure kwamba jahazi lilipakwa deheni kila msimu. Mashua ya leo nayo inahitaji kupandishwa, kusuguliwa na kupakwa rangi. Uliza mahali pa karibu pa kuipandisha nchi kavu.

Orodha ya kukagua kabla ya kulipa amana

☐ Vipimo vya chombo vimeandikwa
☐ Nimesimama gatini saa nne asubuhi siku ya bamvua
☐ Kina cha chati, gatini na njiani, kinazidi mkuku kwa nusu mita
☐ Kimo cha daraja na waya kipo kwa maandishi
☐ Nimeona mlango wa bahari wakati wa kusi
☐ Upekuzi rasmi umefanyika na mpimaji ameonesha mipaka
☐ Nakala za vibali vya gati ninazo, na najua kama vinahamishika
☐ Nguzo zimekaguliwa maji yakiwa chini
☐ Nimezungumza na wavuvi na majirani wawili au zaidi

Ikiwa kisanduku kimoja kimekataa

Una njia mbadala. Unaweza kununua nyumba uliyoipenda bila kuhesabu gati, ukafunga mashua kwenye boya lenye ruhusa katika maji marefu na kuliendea kwa kidau. Mabaharia wengi wa Kilifi na Mtwapa huishi hivyo, na gharama yake ni ndogo kuliko nguzo mpya. Unaweza pia kuchagua chombo kinachoendana na maji: katamarani au mashua ya mkuku mfupi hupanua orodha ya nyumba zinazokufaa. La tatu ni kuuacha mpango huo na kuendelea kutafuta.

Usilipe hata shilingi ya amana kabla hujaona maji ya chini ya bamvua kwa macho yako na kushika mkononi nakala ya kibali cha gati. Muuzaji mwaminifu atakusubiri siku chache. Asiyetaka kusubiri, mwachie nyumba yake.